Jumamosi za Bibi na Tamthilia

Juzi nilipita Brooklyn Center, mji wa ughaibuni tulikohamia nikiwa mtoto, nikasimama nje ya jengo letu la zamani. Harufu ya sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, ilishuka kutoka dirisha la mtu nisiyemjua, na papo hapo nikawa na miaka kumi na mitatu, miguu ndani ya soksi mbilimbili.

Ungetuona Jumamosi zile, rafiki yangu. Nje theluji inaanguka polepole kama haina haja ya kufika chini. Ndani madirisha yameota ukungu, na bibi yuko kwenye zulia akichambua maharage. Hakujua Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtafsiria tamthilia ya mchana. Aliifuatilia kama habari za majirani.

Msimu ule palikuwa na msichana aliyempenda msichana mwenzake. Kila alipotokea, uso wangu ulipata moto. Kanisani jambo hilo lilitajwa kwa kukemewa tu. Msichana yule alikuwa Mzungu, mwenye chumba chake peke yake, lakini nilijiona pale.

Siku mama yake alipomfukuza nyumbani, nilishindwa kutafsiri.

"Mbona umenyamaza?" bibi akauliza. "Amefanya nini huyo?"

"Anampenda msichana mwenzake, bibi."

Vidole vyake vilitulia juu ya maharage. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka shifti yake ya kutunza wazee, alisikia. Akazima televisheni.

"Mambo hayo siyataki humu ndani."

"Washa," bibi akasema taratibu. "Mtoto amesimama kwenye baridi. Nataka kuona kama watamfungulia."

Mama akawasha, akaketi na koti lake mwilini. Hawakumfungulia siku hiyo. Bibi aliuvuta mkono wangu akauweka mapajani mwake, asiulize kitu. Jumamosi iliyofuata mama aliwahi kurudi, akavua viatu na kusema, "Haya, yule binti amelala wapi?"

Bibi tulishamzika, na mama amehamia mbali. Siku hizi wasichana kama mimi wamejaa kwenye tamthilia za simu yangu, weusi, wenye nywele za kusuka, na wengine hadithi zao zinaisha kwa kicheko. Nawatazama peke yangu, na nafurahi kweli. Ila sijapata tena kukaa katikati ya wale wanawake wawili, sote watatu tukimhangaikia mtoto wa watu.