Mlango Uliokwenda kwa Wakili

Siku ya chanjo nilivaa masweta mawili. Upepo wa Juni hapa Sumbawanga hauna adabu, na mimi kutoka nyumbani ni mpaka nibembelezwe. Muuguzi aliposema nitoe bega, sikuvua. Nilivuta ukosi tu, bega likachungulia. Sindano ikaingia juu kabisa, karibu na kiungo.

Wenzangu waliumwa siku mbili. Kwangu maumivu yalihamia na mizigo yake yote. Daktari akaeleza: chanjo haina neno, ila imechomwa juu mno, kiungo kimeumia.

"Basi tunadai fidia," akasema mke wangu, fundi cherehani. Nikasema tuyaache. Mimi husema tuyaache hata mbuzi wa jirani akiwa ndani ya mahindi yetu.

Kila Jumapili tukitoka kanisani alinisimamisha kwenye mlango wa jikoni. "Inua mkono, mzee." Nainua. Anachora mstari kwa chaki yake ya kukatia nguo, anaukazia kwa msumari, anaandika tarehe. Mkono wa kushoto ulifika juu ya mlango. Wa kulia uligoma usawa wa komeo, miezi minane, mistari ikasongamana pale kama kuku waliokimbia mvua.

Wakili, binti mmoja mgeni kutoka Mbeya, alipotaka ushahidi, mke wangu aling'oa mlango, akaupakia kwenye bajaji.

"Shikamoo mama. Jamani, si picha ingetosha?"

"Marahaba. Picha haipimi mtu. Mzee, inua."

Niliinua. Nikaishia kwenye mistari ile ile. Binti akaniuliza kama siku ile nilivua sweta.

"Sikuvua," nikasema, nikajua kesi nimeizika mwenyewe.

"Huyu hata kuoga havui mpaka maji yachemke mara mbili," akadakia mke wangu. "Lakini mwanangu, mteja akija kupimwa gauni na koti lake mwilini, nami nikapima hivyo hivyo, likambana, lawama ya nani? Si yangu niliyeshika futi?"

Wakili alicheka, akavuta karatasi. "Hilo naliandika kama lilivyo, mama. Dai tunalipeleka. Na mlango ubaki hapa."

Majibu bado hatujapata. Jikoni tumetundika kitenge, upepo unapita utakavyo, nami nimefika masweta matatu. Nikilalamika, ananiambia nikakae mlangoni nizibe.

Naenda, nakaa. Mtu aliyeng'oa mlango wake kwa ajili ya bega langu, nitamkatalia nini?