Mshale wa Nne

Fundi viatu akianza kuupaka uzi wake nta, mie huacha kumsikiliza. Harufu ile ni ya mikono ya baba, akiusugua ugwe wa upinde wake barazani kwetu Mbagala, enzi hizo nyuma ya shamba letu la mihogo kulikuwa na vichaka tu.

Wawindaji wenzake walibeba mishale kwenye podo mgongoni, wakachomoa mmoja mmoja. Baba aliishika minne katikati ya vidole vya mkono uleule wa kuvutia ugwe. Akiachia mmoja, mwingine umeshakaa tayari. Sijaona tena mkono mwepesi kama ule.

"Mitatu ya kupiga, mwanangu," aliniambia. "Wa nne unarudi nao nyumbani. Usibaki mkono mtupu porini."

Na kila alipotoka kuwinda alirudi nao. Mie ndiye niliyekimbia kuuchomoa vidoleni mwake.

Alasiri moja mama alikuwa ameinama akipalilia, nguruwe dume akachomoka kichakani kumwelekea. Mama hakumwona. Baba, aliyekuwa ndiyo kwanza anaondoka kwenda kuwinda, aliruka katikati ya mihogo, upinde mkononi. Nilisikia ugwe ukilia mfululizo, na nguruwe akaanguka hatua mbili kutoka kwenye jembe.

Mama aligeuka. Akamtazama nguruwe, kisha akamtazama baba.

"Umenikanyagia mihogo yangu," alisema.

Nilimkimbilia baba kama kawaida yangu, nikavifungua vidole vyake niuchukue ule wa nne. Haukuwamo.