Mama Juu ya Saruji

Mama alikataa katakata kukaa mbele. "Mwalimu hapandi juu ya mzigo kama kuku wa mnadani," akasema, akanisukuma ndani ya kabini ya lori. Kisha yeye mwenyewe, na umri ule, akapanda juu ya mifuko ya saruji tuliyonunua Mikumi kumalizia nyumba yake kule Chanzuru. Nilibisha, lakini kwetu mzazi akishakupa heshima mbele za watu, kuikataa ni kumwaibisha. Nikakaa, roho ikiniuma.

Dereva alikuwa mjomba, kaka yake mama. Lori lake, ubishi wake. Tulipoanza mteremko mrefu unaoshukia darajani, akatoa gia na kuliacha lori liporomoke lenyewe, frii, kama madereva wanavyoita, ili abane dizeli.

"Mjomba, tafadhali rudisha gia. Tuna mzigo mzito."

"Mzigo ndio unaolituliza gari, mwalimu. Gari jepesi ndilo linalokimbia."

Jibu hilohilo wanafunzi wangu wa kidato cha pili huniandikia kila mwaka, nami huwakata maksi bila huruma. Mvutano wa dunia hauchoki. Kila sekunde unaongeza mwendo juu ya mwendo uliopo, na mzigo ukizidi, breki nazo zinatakiwa kutoa nguvu zaidi. Nilimweleza hayo kwa adabu zote. Akacheka, akasema hayo ni mambo ya ubaoni. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, ila yeye ni mjomba wangu, ningemwambia nini tena?

Mara ikaja harufu ya kitu kinachoungua. Mjomba akakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini. Akajaribu kuingiza gia, ikakwaruza, ikakataa. Akavuta handibreki, lori likazidi kukimbia. Huko mbele daraja lilikuwa limejaa ng'ombe wanaovushwa, na mchungaji alikuwa ametugeuzia mgongo.

Kulia kwetu kulikuwa na ukingo wa mlima uliochongwa wakati wa kutengeneza barabara, mawe matupu. Kushoto lilikuwa shamba la mahindi, limelowa mvua ya juzi.

"Nagonga ukingo," mjomba akasema, sauti imemkauka.

Mama naye alikuwa amewaona wale ng'ombe. Akaanza kupiga paa la kabini kwa ngumi. "Ukingo! Gonga ukingo!"

Ukingo ungelisimamisha lori papo hapo. Sisi wa ndani tungeumia, pengine tungepona. Lakini mama hakufungwa na chochote. Lori lingesimama, yeye angeendelea mbele kwa mwendo uleule mpaka akutane na cha kumsimamisha, na mbele yake kulikuwa na yale mawe. Tulihitaji kitu laini, cha kutupunguza polepole.

"Shambani, mjomba. Ingia shambani."

"Mahindi ya watu hayo."

"Ingia, nimesema!"

Sikuwahi kumfokea mkubwa namna ile. Akakata usukani. Mahindi yakaanza kupiga kioo, matope yakashika magurudumu, mwendo ukapungua kidogo kidogo huku mabua yakivunjika chini yetu, hadi lori likasimama katikati ya shamba. Kule juu kulikuwa kimya. Mlango wangu ulikuwa umekwama, nikatokea dirishani huku nikiita mama, mama, kama mtoto.

Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mifuko, vidole vimeng'ang'ania kamba ya mzigo, khanga yote vumbi la saruji. Akainuka taratibu. Akaangalia njia tuliyoifyeka kati ya mahindi, kisha akanigeukia kwa hasira.

"Shamba lote hili la watu! Nimepiga bati mpaka mkono umeuma. Nimesema ukingo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hilo nalo hukufundishwa?"

"La mkuu la leo, mama, ningelisikia, ningekuzika."

Alifungua kinywa anijibu. Akautazama ukingo kule barabarani, akaangalia pale alipokuwa amekaa, halafu akautazama tena ukingo. Akaninyooshea mkono uleule aliopigia bati, nimteremshe.