Mpishi na Saa ya Mnadani

Kwa mara ya tano mpishi yule alipanda lori kutoka Makambako hadi kibanda changu cha kutengenezea saa hapa Njombe, akafungua leso na kunionyesha saa ile ile ya mfukoni. Aliinunua mnadani, bwana wake Mzungu alipouza vyombo ili arudi Uingereza. Aliishika kwa vidole viwili kama anayeshika sufuria ya moto, akaipangusa, akaisogeza kwangu, akaivuta tena, kisha akaniachia nikafungua kifuniko cha nyuma.

"Kamani, ile springi ya kuiendesha, imekatika na mshale mmoja haupo," nikamwambia, kama nilivyomwambia mara nne. "Vyote ninavyo. Nitengeneze, nisitengeneze?"

"Ngoja kwanza, fundi."

"Nimengoja tangu mavuno, baba! Saa isiyotembea ni ya nini?"

Akakohoa. Sauti yake siku zote ilikuwa ya chini, ya mtu anayesemea nyuma ya mlango.

"Miaka kumi na minane bwana aliishika hii kila alfajiri, atazame kama nimechelewa kuwasha jiko. Ikianza kutembea, nitaamka tena saa kumi."

Nikakirudisha kifuniko, nikakaza skrubu, nikampa. Akaitia mfukoni, akauliza kama bado lipo lori la kurudi. Nikamwambia lipo, asiharakishe.