Mulineti ya Mkono wa Kushoto

Juma hili, katika duka la vifaa vya uvuvi hapa Goma, nilimkuta mama akichagua fimbo ya kuvulia yenye mulineti, kile kimashine cha kukunja uzi. Kila aliyopewa aliibana kati ya magoti, akaficha mkono wa kuume mgongoni, akajaribu kuzungusha kwa wa kushoto. Hakuna iliyomridhisha.

“Mama, mukono unauma?” muuzaji akauliza.

“Wangu uko muzima. Wa bwana yangu ndio ulipooza. Alikuwa muvuvi kule Kituku.”

Muuzaji akainama chini ya meza, akaibuka na mulineti yenye vumbi. “Hii mupini wake uko kushoto. Watu wanairudisha, wanasema ilitengenezwa vibaya.”

Mama akaizungusha. Uzi ukajikunja vizuri.

“Lakini munganga hakusema bwana yako apumzike?” muuzaji akauliza.

“Alisema. Miezi sita anapumzika nyumbani, ananifundisha kupika. Sasa na mimi nataka kupumzika.”

Sisi wanaume tuliokuwa dukani tuligeuka kutazama ndoano. Nilipofika nyumbani, mke wangu alikuwa akipika sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nilionja, nikaona chumvi haitoshi, nikaenda kukaa nje.