Gobori ya Tata Tshilombo Inakataa Kulia

Pa quartier yetu ya Kolwezi, kama unauliza fundi wa silaha, banakuonyesha Tata Kalumba. Lakini silaha ya zamani tu: mikuki, mishale, mashoka, na gobori, ile bunduki yenye banashindilia baruti kwa mudomo. Kalash, bunduki ya basoda ya leo, hagusi. "Ile haina ukoo," njo anasemaka.

Babu yake alikuwa anafua mikuki kule Kasaji. Baba yake alitengeneza gobori zenye Baportugais walileta zamani kubadilisha na pembe na, tuseme ukweli, na batu. "Vita yote yenye ilipita huku," anajisifu, kifua mbele kama jogoo, "silaha yake ilifika pa nyundo yetu." Na si uongo. Njo ile inatukasirisha.

Mwaka jana rafiki yake, Tata Tshilombo, muwindaji, akalala mugonjwa. Kwao, muwindaji wa bunduki habamuziki kimya. Gobori yake inalia mara moja pa kaburi. Kama hailie, batu banasema tumezika mwizi wa kuku.

Tshilombo akamushika mukono. "Kalumba, gobori yangu itapiga?"

"Kaka, itapiga mpaka kule mbali Lubudi basikie."

Tshilombo akafa. Kalumba akachonga resort mupya, ile springi ya kufyatulia, na kipande ya musumeno, akashindilia baruti, bila risasi, akailaza gobori karibu na maiti, vile inafaa.

Kesho yake pa makaburi, akainua. Akavuta. Tik. Akavuta tena. Tik.

Sadrack, mupwa wa marehemu, akasema: "Tata Kalumba, tukuletee petari ya Bachina, ile fataki ya batoto?"

Batu wakacheka, na ni pa kilio! Kalumba akanusa mudomo wa gobori. Akanusa tena. Sabuni.

Akamuangalia mujane, Mama Mujinga. Pole pole akauliza: "Mama, ulimuosha?"

"Nilimuosha, Tata."

"Na hii?"

"Hii pia. Ilitembea naye maisha yote. Nimupeleke bwana safi na bunduki muchafu? Niliiosha mpaka ndani, nikapaka na mawese."

Baruti ilikuwa uji. Mi namujua Kalumba, nikangojea matusi. Lakini akageukia batu, sauti juu: "Mama alifanya muzuri! Bunduki imeoga na mwenyewe. Sasa ikauke. Mwenye haraka, aende."

Akatoa ile uji. Akavua shati yake nyeupe ya kilio, akaipanguzia chuma ndani mpaka shati ikakuwa nyeusi kama makala ya jiko. Akaianika gobori pa jua. Pastor anaangalia saa, bachimba-kaburi bamekalia mapauro yao ya kuchimbia. Hakuna mutu aliondoka. Mwisho akashindilia baruti ya kukauka, akainua, akavuta.

Buum!

Pastor akalala chini. Bazee benye walikuwa hapa mu vita ya soixante-dix-huit, ile ya mwaka 1978, wakalala juu ya pastor. Mi niliinama tu kufunga kamba ya kiatu. Siku ile nilivaa sandali.

Mama Mujinga peke yake alibaki wima, moshi unamupita pa uso. "Angalia," akasema, "hata leo eko anatisha batu." Akacheka na machozi.

Sadrack akainuka, vumbi mpaka mu meno. "Tata Kalumba, kweli, Lubudi walisikia?"

Kalumba, na singileti tu, kifua mbele: "Enda ubaulize."