Betri Juu ya Moto wa Mama

Mama alipoacha kuchuma majani chai kwa sababu ya vidole vilivyokataa kunyooka, alikaa nyumbani amenuna kama mtu aliyefutwa kazi. Kisha nikanunua pikipiki ya stima ya kupelekea majani yetu kituoni hapa Kimulot, na betri yake ikampa kazi. Nikirudi naichomoa na kuiweka jikoni, naye anachomeka chaja, anaipangusa vumbi, anakaa nayo mpaka taa igeuke kijani. Majirani walimtania kwamba amepata mjukuu mzito asiyelia. Alifurahi, na mimi nikafurahi zaidi.

Baridi yetu ya upande wa msitu haina adabu. Mama akaamua betri itaugua. Kwetu kitu unachotaka kidumu hupandishwa tabut, dari ya miti iliyo juu ya moto wa jikoni, ambako mbegu za mahindi hukauka kwa moshi na wadudu hawazigusi. Basi kila jioni niliipandisha huko kwa bega, imejaa chaji pomoni, ikaota moto pamoja na mahindi. Tuliona tumeitunza kuliko mtu yeyote kijijini.

Mwanzoni ilinifikisha mjini Kapkatet na kunirudisha. Baadaye ikawa inarudi ikijikokota. Kabla ya mwaka wa pili kuisha nilikuwa nasukuma pikipiki mlimani na gunia la majani juu yake, nikiilaani mpaka nafika.

Fundi alikuja nyumbani, akaipima, akauliza huwa inalala wapi. Nikamwonyesha.

"Joto ndiyo imezeesha hii," akasema. "Na kukaa full kila siku. Baridi ya hapa haingeifanya kitu."

Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Nilisema haraka kwamba aliyeipandisha ni mimi. Hakunitazama. Aliuliza tu kama itapona, na fundi akasema hizi haziponi.

Nilinunua nyingine. Inalala sebuleni, mbali na moto, na siijazi mpaka mwisho. Inafanya kazi vizuri, na bado naitamani ile iliyokufa. Jana niliiacha hii mpya jikoni nikaenda shambani. Niliporudi mchana niliikuta palepale, chaja kando yake, stima ipo, na mama ameketi karibu nayo, mikono mapajani.

"Mama, si ungechomeka tu?"

"Sitaki kuua ingine," akasema.